Tende Kabla ya Chombo Kugusa Maji

Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, Saada hufunua chungu chake cha mchanga. Ni vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na katikati mna mchanga anaoumwagia maji asubuhi na jioni. Chungu cha ndani hubaki na ubaridi hata jua liwake vipi. Humo ndimo anamoweka dawa ya mumewe, chupa ndogo ya insulini, ndani ya kikopo chenye kifuniko. Hapa kisiwani Chula umeme wa sola watosha taa na simu. Friji ni habari ya watu wa Kismayu.

Mumewe anaitwa Walidi. Ana miaka ishirini na sita, na ana kisukari cha aina ya kwanza. Ugonjwa ulimwanza miaka mitatu nyuma. Alikonda ghafla. Alikunywa maji mpaka tumbo likajaa, na bado akalalamika kiu. Baba yake, Mzee Fumo, alimbeba mgongoni mpaka botini, akamfikisha hospitali Kismayu akiwa hajitambui. Huko daktari aliwaeleza kwamba mwili wa Walidi umeacha kutengeneza insulini. Bila insulini, sukari itokayo kwenye chakula hubaki katika damu, mwili ukafa njaa huku damu imejaa. Tangu siku hiyo Walidi hujichoma sindano kila siku, na atajichoma maisha yake yote.

Saada alielewa maneno ya daktari. Tatizo lake ni kwamba alielewa kupita kiasi. Waliporudi nyumbani alikusanya sukari yote, na asali, na halwa iliyobaki ya harusi ya jirani, akagawa. Alisema ugonjwa unaitwa kisukari, basi sukari haitakanyaga kizingiti chake. Mzee Fumo, ambaye anakaa nao tangu afiwe na mkewe, akajikuta anakunywa chai isiyo na sukari uzeeni. Hakugombana na mkaza mwanawe. Alianza tu tabia ya kwenda kila alasiri kuwajulia hali majirani. Majirani walijua vizuri ni hali ya nani anayoulizia, wakamsogezea kopo la sukari kabla hajaketi.

Mzee Fumo ni fundi wa vyombo vya baharini. Walidi ndiye mkalafati wake. Kazi ya mkalafati ni kuziba mishono ya mbao kwa pamba iliyolowekwa mafuta, akiigongelea ndani kwa patasi na nyundo ya mti, ubao kwa ubao, mpaka maji yakose pa kuingilia. Ni kazi ya subira. Saada hupenda kusikia nyundo ya mumewe kutoka jikoni. Ikigonga sawasawa, moyo wake hutulia.

Mambo yalianza kuharibika siku ilipokuja saa.

Shangazi Mwanalima, dada yake Mzee Fumo, alikimbilia Mombasa wakati wa vita na hakurudi tena. Lakini vifurushi vyake hurudi. Safari hii alimletea Walidi saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo. Unaivaa, inawaka taa ya kijani chini yake, kisha inakuandikia moyo wako umepiga mara ngapi kwa dakika.

Saa ile ilizunguka karakana nzima kama sahani ya halwa harusini. Kila fundi aliivaa. Mzee Fumo alipumzika nayo kivulini, ikaonyesha sitini na sita, akafurahi kama kijana. Abubakar, fundi wake wa pili, alikuwa ametoka kupasua mbao kwa msumeno, jasho linamtiririka. Ikaonyesha mia na hamsini. Kisha ikarudi kwa mwenyewe. Walidi alikuwa ameketi tu, na saa ikasema tisini na nne. Akashika msumeno ule ule, akapasua kwa muda ule ule. Saa ikapanda kidogo, ikaishia mia na kumi na saba.

Mzee Fumo aliigeuza saa huku na huku. Akasema, "Huyu mchu moyo wake wenda kinyume. Wakimbia akikaa, wasinzia akifanya kazi."

Watu walicheka. Walidi naye alicheka, lakini Saada alikuwa ameleta maji ya kunywa wakati ule, na anakijua kicheko cha mumewe. Kile hakikuwa chake.

Jioni Mzee Fumo hakucheka. Alisema chombo kilichopo karakanani ndicho cha mwisho kwa Walidi. Kikishushwa majini, Walidi ataondoka akakae Kismayu, kwenye duka la binamu yake, auze ndoana na nyuzi za nailoni. Dukani mtu huketi. Moyo mbovu wahitaji kuketi. Walidi alijaribu kusema, baba yake akainua mkono. Mzee yule hakuwa na ubaya. Alikuwa amembeba mwanawe mgongoni mara moja akiwa kama maiti, na hakutaka kumbeba tena. Lakini kwa Walidi, aliyetambaa kwenye takataka za randa kabla hajajua kutembea, kuambiwa akauze ndoana ilikuwa ni kuambiwa yeye si mtu tena.

Basi Walidi akaamua kuufundisha moyo wake kazi. Aliona kama Abubakar afikisha mia na hamsini, naye lazima afikishe. Akawa akimaliza kukalafati, anabeba magogo. Akimaliza magogo, anashika msumeno. Kila mara anatazama saa. Mia na kumi na tisa. Mia na ishirini na moja. Anaongeza. Miguu inamtetemeka, pumzi inamwishia, lakini saa haipandi, naye haachi. Chakula cha mchana akakisogeza mbele, kwa kuwa hakutaka kuonekana anapumzika. Sindano ya asubuhi alikuwa ameshajichoma kama kawaida.

Siku ya nne alirudi nyumbani baada ya adhuhuri, akaketi kwenye mkeka. Saada alimwona anapumua vizuri. Kazi ilikuwa imekwisha kitambo. Lakini baada ya muda Walidi akashika kifua. Akasema moyo unamdunda. Saa, iliyogoma kupanda kazini, sasa ilisema mia na thelathini, na mtu ameketi. Jasho jembamba likamtoka usoni, baridi. Mikono ikatetemeka. Saada alimuuliza kama amekula, naye akajibu habari za msumeno.

Saada alifanya lililoonekana jema. Alimlaza, akampa maji, akafunga dirisha ili kelele zisimsumbue, akaanza kumsomea dua. Alidhani ni uchovu wa moyo na dawa yake ni utulivu. Dakika zilipita na Walidi akazidi kupotea. Macho yalikuwa wazi, lakini hayamtazami mtu. Saada alishikwa na hofu ambayo hakuijua tangu siku ile ya boti ya Kismayu.

Kwa bahati, mlangoni palikuwa na mtu anabisha hodi. Alikuwa Sabah, muuguzi, mzaliwa wa Kudhaa anayefanya kazi Kismayu. Alikuja Chula kuchanja watoto na alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na sanduku lake la barafu. Alimtazama Walidi mara moja tu, akauliza ana ugonjwa gani. Saada akamwambia. Sabah akaomba mashine ya kupimia sukari. Mashine ilikuwapo, ila vijiti vyake ni adimu, kwa hiyo Walidi hupima asubuhi tu. Sabah akamchoma kidole. Ikatoka arobaini na nane.

"Sukari yake imeanguka," alisema. "Nipe sukari, dadangu. Upesi."

Saada akasimama katikati ya jiko lake safi. Hapakuwa na hata chembe. Alikuwa ameifukuza mwenyewe, kwa mapenzi yote. Alitoka mbio bila viatu mpaka kwa jirani, akachukua kopo lile lile analolipenda Mzee Fumo, akarudi. Sabah akakoroga vijiko vinne katika maji. Alimketisha Walidi, akahakikisha bado anaweza kumeza, ndipo akamnywesha kidogo kidogo. Huku anamnywesha, alimwambia Saada kwamba kama angekuwa amezimia wasingemtia kitu kinywani, maana kingemkaba. Wangemlaza ubavu na kukimbilia msaada.

Wakangoja robo saa. Sabah akapima tena. Themanini na nne. Walidi alipepesa macho, akamwona Saada, akauliza kwa nini analia.

Alikula mkate na samaki, na rangi ikamrudi. Mzee Fumo aliitwa, akaja na vumbi la mbao ndevuni, akasimama mlangoni. Sabah alimwamkia kwa adabu, akamwita ami Fumo, kisha akawaeleza wote watatu.

Aliwaambia kwamba mwili unapofanya kazi ngumu hula sukari nyingi. Mtu mwenye mwili mzima, insulini yake hupungua yenyewe wakati wa kazi. Walidi hujichoma yake, na ikishaingia haipungui. Akifanya kazi kubwa bila kula, insulini na kazi vyote viwili vinashusha sukari. Ikishuka sana, mwili hupiga kelele. Moyo hudunda, jasho hutoka, mikono hutetemeka, maneno huchanganyika. Yaweza kutokea kazini, yaweza kutokea baada ya kazi, hata usiku wake.

"Basi nitajuaje?" Saada aliuliza. "Moyo wadunda kwa kazi, wadunda kwa sukari. Wote ni moyo moya."

Sabah akasema swali ni zuri. Moyo unaodunda kwa kazi hutulia taratibu mtu akipumzika. Ukianza kudunda wakati mtu amekwisha kupumzika, tena na jasho la baridi na kutetemeka, kwanza mpime sukari. Kama huna kijiti, usingoje. Mpe sukari. Kijiko cha sukari kilichotolewa bure hakitamwua, lakini sukari iliyokosekana yaweza kumwua.

Walidi akauliza la kwake, lile lililomchoma. Kwa nini saa haipandi akifanya kazi? Sabah alifikiri kidogo. Alisema si kila mwenye kisukari cha aina hii yuko hivyo. Wengi moyo wao hupanda kama wa mtu mwingine yeyote. Lakini sukari ikikaa juu muda mrefu huweza kuigusa mishipa ya fahamu inayouongoza moyo. Hapo moyo huenda mbio kidogo mtu akiwa ameketi, na akifanya kazi hukawia kupanda, na akiacha hukawia kushuka. Hilo lataka daktari, si la kukisia. Na mtu kama huyo asilazimishe namba ya mwenzake. Namba ya Abubakar ni ya Abubakar.

Wiki ile ile Saada na Walidi walikwenda Kismayu. Daktari alimpaka Walidi dawa ya maji kifuani, akambandika nyaya, akatazama mistari ya moyo kwenye karatasi. Alimpima mapigo akivuta pumzi ndefu, akilala na akisimama. Alimtembeza ngazi za hospitali juu na chini. Saada alikaa kwenye benchi akihesabu vigae vya sakafu. Alikuwa amejiandaa kusikia kwamba moyo wa mumewe umekwisha.

Daktari alisema moyo wenyewe ni mzima. Mishipa inayouongoza imeguswa kidogo tu, na sukari ikitunzwa vizuri madhara hayo yaweza yasiendelee. Walidi anaweza kufanya kazi yake. Tena kazi itamsaidia, mradi aifanye kwa mpango. Saada alitaka kumshukuru, akashindwa, akalia tena. Walidi alimshika mkono mbele ya watu, jambo ambalo halifanyi kamwe.

Mpango ulikuwa hivi. Apime kabla ya kazi nzito. Ikiwa chini ya tisini, ale kwanza tende chache au mkate, angoje ipande. Ikiwa juu sana, kupita mia mbili na hamsini, na mwili haujisikii vizuri, asianze. Insulini ya siku ya kazi kubwa daktari alimpunguzia yeye mwenyewe, akasisitiza asiibadilishe kwa kukisia. Aanze kazi polepole na aache polepole. Apime tena kabla ya kulala. Akipata maumivu ya kifua, au kizunguzungu akisimama, au pumzi kumkata bila sababu, aache na aje. Daktari akaongeza la mwisho, na hili alimwambia Saada. Mtu ambaye mishipa yake imeguswa, dalili za sukari kushuka zaweza kumjia kimya, moyo usidunde kabisa. Kwa hiyo walio karibu naye wawe macho yake.

Walipopita kwa Sabah kumuaga, Walidi alimuuliza atapimaje kazi yake sasa, ikiwa saa si ya kutegemea. Sabah alicheka.

"Nyinyi wachu wa vyombo mna kipimo tangu zamani," alisema. "Mkivuta kamba si mwaitikia? Ukiweza kuitikia neno zima kwa sauti yako, mwili wamudu. Ukilikata katikati, punguza. Ukinyamaza, acha kamba."

Kwenye boti ya kurudi Walidi alimwambia mkewe maneno machache. "Siku ya kushusha chombo, nisikilize. Sauti yangu ikipotea, usiniulize kitu. Njoo na tende."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Karakana ya Mzee Fumo ina desturi yake, ameirithi kwa baba yake. Kamba zikishafungwa chomboni, hakuna anayetia kitu kinywani, mvutaji wala mtazamaji, mpaka chombo kiguse maji. Pilau huwa tayari imefunikwa, inanukia, na hakuna anayeifunua. Husemwa kwamba anayekula kabla, chombo humlalia. Saada hakujua kama aliamini jambo hilo. Alijua tu kwamba hajaona mtu akilivunja.

Mzee Fumo aliwasikiliza waliporudi. Alifurahi kwamba moyo ni mzima, akamshukuru Mungu mara nyingi. Lakini kuhusu duka hakulegea. Alisema daktari ni mtaalamu, ila daktari hakushika kamba. Siku ya kushusha watu wote watakuwapo. Walidi akivuta mpaka mwisho na kusimama, atabaki karakanani. Akianguka tena, atakwenda Kismayu kesho yake.

Siku ya bamvua ikafika, siku ambayo maji hujaa kupita siku nyingine. Alfajiri Saada alimpima mumewe. Mia na arobaini na mbili. Alimlisha mkate wa kumimina na samaki kabla kamba hazijafungwa. Kwenye pindo la leso yake alifunga tende saba na mashine ya kupimia. Kwapani alishika chupa ya maji yaliyokorogwa sukari. Sukari ilikuwa imerudi nyumbani, kwenye kopo jekundu juu ya kabati, na Mzee Fumo alikuwa ameiona, na alasiri hizi hakutoka sana kuwajulia hali majirani.

Kamba zikafungwa. Abubakar akaanza kuita, na wavutaji wakaitikia. Chombo kikalia juu ya magogo, kikasogea. Saada alisimama na wanawake wenzake, akaziba sikio kwa sauti zote isipokuwa moja. Sauti ya Walidi ni nene, na huishia chini. Aliisikia kila mwito. Neno zima. Neno zima.

Kisha gogo la mbele likapasuka. Chombo kikazama mchangani upande mmoja, kikagoma. Likatafutwa gogo jingine, mchanga ukachimbwa, kamba zikavutwa upya, gogo la pili likateleza. Kazi ya nusu saa ikawa ya saa moja na nusu. Jua likapanda. Maji yalikuwa yamefika hatua ishirini kutoka ubavuni mwa chombo.

Abubakar aliita. Saada akasikiliza. Sauti nene ilikuja, lakini ilikatika katikati. Abubakar akaita tena. Safari hii Saada hakuisikia kabisa.

Alitoka. Mwanamke mmoja alimshika leso kumrudisha, Saada akaivuta ikamponyoka. Alitembea peke yake kwenye mchanga ule wa wanaume, watu wote wanamtazama. Wavutaji wakaacha kuitikia mmoja mmoja. Mzee Fumo akasimama mbele yake. Hakupaza sauti.

"Saada. Chombo hakiyagusa mai."

Saada aliinamisha kichwa, maana huyu ni baba mkwe wake na hajawahi kumjibu. "Chombo chaweza kungoja, Baba," alisema. "Walidi hawezi."

Mzee Fumo akageuka kumtazama mwanawe. Walidi bado alikuwa ameshika kamba. Alijua mkewe amekuja, na aliona watu wanamtazama, na hakutaka kuwa mtu wa kwanza katika karakana ya babu yake kula kabla ya chombo. Mikono yake ilikuwa inatetemeka juu ya kamba. Jasho lilimtoka, na si jasho la jua. Uso wake ulikuwa kama ule wa siku ya boti ya Kismayu. Mzee Fumo aliujua.

Alinyoosha kiganja kwa Saada. "Nipe mimi kwanza," alisema.

Saada hakuelewa mara moja. Kisha akafungua pindo, akamtilia tende moja mkononi. Mzee Fumo akaitia kinywani mbele ya watu wote, akaitafuna taratibu, akatema kokwa mchangani. Halafu akatangaza kwa sauti kwamba yeye ndiye mwenye karakana na ameshakula, na kama chombo kina mtu wa kumlalia, basi ni yeye. Kila mtu aache kamba akae kivulini, na tende ziletwe kwa wote.

Walidi aliketi. Saada akampima. Sitini na moja. Akanywa maji ya sukari, na Saada akangoja naye, huku baba mtu anatazama maji yanavyopanda. Baada ya robo saa wakapima tena. Mia na mbili. Akala mkate na tende zilizobaki. Abubakar, aliyelala chali na tende mbili mashavuni, akasema kweli wapumzike, maana yeye mwenyewe mikono ilikuwa imekwisha tangu gogo la pili na aliona haya kusema. Wengine wawili wakakubali. Ikawa kicheko.

Walidi aliinuka kurudi kwenye kamba. Saada alitaka kumzuia, kwa kuwa Sabah alisema sukari iliyoshuka mara moja hupenda kushuka tena. Mzee Fumo akamtangulia.

"Kamba ina wachu," alisema. "Mishono ni yako. Panda chomboni uitazame."

Na hiyo ndiyo kazi ya mkalafati siku ya kushusha. Chombo kikiingia majini, yeye ndiye aliye ndani, akitafuta kwa macho na kwa viganja panapovuja. Lakini hapa siku zote Mzee Fumo hupanda mwenyewe. Hajawahi kumwachia mtu.

Walidi akapanda, akateremka ndani, hakuonekana tena. Wavutaji waliokwisha kula wakashika kamba. Abubakar akaita, wakaitikia kwa nguvu mpya, na gogo la tatu likashika. Chombo kikateleza hatua tano, kumi, kikagusa maji, kikaingia, kikayumba, kikasimama kinaelea.

Hakuna aliyepiga kelele. Wote walingoja. Saada alisimama maji yakimfika magotini, leso imelowa, anasikiliza. Ndani ya chombo palikuwa kimya. Alianza kuhesabu. Alifika ishirini na mbili.

"Kavu, Baba," ilisema ile sauti nene kutoka chini ya mbao, ikaishia chini kama kawaida yake. "Kavu kote."

Vigelegele vikatoka. Mzee Fumo alijipangusa uso kwa kofia yake na kusema jasho ni jingi yeo. Usiku, baada ya pilau, alimwambia Walidi kwamba asubuhi watatega mkuku, mti wa msingi wa chombo kipya, asichelewe. Neno la duka halikutajwa tena. Lakini pia alimuuliza Saada kama mumewe amepimwa kabla ya kulala. Alikuwa amepimwa.

Sasa ni mwaka umepita. Walidi anakalafati chombo cha tatu tangu kile. Anafanya kazi, anapumzika, anakula kwa wakati, na mara mbili amekwenda Kismayu kupimwa na daktari ameridhika. Karakanani yamening'inizwa kopo la tende na kopo la sukari, na kila fundi, mpaka aliyeanza jana, anajua ni ya nini na atafanya nini akimwona Walidi anajibu asiloulizwa. Desturi ya Mzee Fumo bado ipo, ila imepata nyongeza. Pilau hungoja maji, tende hazingoji kitu.

Saa ya Shangazi Mwanalima anaivaa Mzee Fumo. Taa yake ya kijani imekufa, na hakuna aliyejali kuitengeneza. Hutazama muda tu. Ikifika saa kumi alasiri hurudi nyumbani kunywa chai, na Saada humtilia vijiko viwili, si vitatu, kwa sababu amejifunza mambo mengi juu ya sukari na haoni kwa nini ayatumie kwa mtu mmoja tu.